Mji Uliopata Mbunge Kabla ya Halmashauri

Anayetoka Geita mjini kwa barabara ya Bwanga na Biharamulo hahitaji kibao kumwambia kwamba amefika Katoro. Fremu za maduka zinabanana pande zote mbili za lami, bodaboda wanagombea abiria, na nyumba za kulala wageni zimeota katikati ya mashine za kukoboa na maduka ya vifaa vya uchimbaji. Fedha ya dhahabu inayotoka kwa wachimbaji wadogo wa Lwamgasa na Nyarugusu hupitia hapa ikiwa njiani kugeuka saruji, mabati na ada za shule.

Akisogea mbele kidogo anaingia Buseresere, wala haoni mahali nyumba zinapokatika. Hapo ameshavuka mpaka wa wilaya: Katoro ni ya Geita, Buseresere ni ya Chato. Kabla Mkoa wa Geita haujazaliwa mwaka 2012, angekuwa amevuka mpaka wa mkoa pia, kwa kuwa upande mmoja ulihesabiwa Mwanza na wa pili Kagera. Wafanyabiashara hawakujali. Mtu alilala Buseresere, akafungua duka Katoro, na jioni akarudi kwake bila kujua kama amesafiri kutoka mkoa hadi mkoa.

Mei 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo manane mapya, na Katoro ikawa mojawapo. Eneo hilo likatengwa na jimbo la Busanda, likapata haki ya kupeleka mbunge wake Dodoma. Hata hivyo, tangazo hilo lilipotoka, Katoro yenyewe ilikuwa bado mamlaka ya mji mdogo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Geita. Mji ulipata sauti bungeni kabla ya kupata meza yake ya kuamua mtaro upite wapi.

Jambo hili si la Katoro peke yake. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na 137 kati ya hizo ni za wilaya. Ndani ya hizo za wilaya kuna miji inayokua kwa kasi huku mambo yake yakiamuliwa na vikao ambavyo wajumbe wake wengi wanatoka vijijini. Kibaigwa, yenye soko la mahindi linalojulikana nchi nzima, iko chini ya Kongwa. Mbalizi, iliyokwisha kuungana na Jiji la Mbeya kwa macho ya mpita njia, imekuwa chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Tunduma na Makambako zilipita katika hali hiyo kabla ya kupewa halmashauri za mji.

Ili kuelewa mji wa aina hii unakosa nini, inafaa kuanza na kile ambacho kijiji kinacho. Watanzania wengi hudhani kijiji ni ngazi dhaifu kuliko mji. Kisheria, mara nyingi ni kinyume chake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa chombo chenye nafsi yake mbele ya sheria: inaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, na kutunga sheria ndogo ambazo wilaya inaziidhinisha. Juu yake kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza nguvu kubwa zaidi: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Bibi mwenye ekari moja anaweza kusimama chini ya mwembe akamkatalia mwekezaji, na neno lake likaandikwa kwenye muhtasari.

Kijiji kinapokua kikawa mji mdogo, hayo yote hubadilika. Kijiji hufutwa, na halmashauri yake pamoja na mkutano wake mkuu huenda nacho. Ardhi hutoka kundi la ardhi ya kijiji na kuingia ardhi ya jumla, ambayo msimamizi wake ni Kamishna wa Ardhi. Kinachobaki chini ni vitongoji. Wenyeviti wa vitongoji hivyo hukaa pamoja na madiwani na wajumbe wengine katika baraza la mji mdogo, lenye mwenyekiti wake na afisa mtendaji wake. Kwa jina, ni serikali ya mji. Kwa mfuko, ni idara ya wilaya, kwa kuwa bajeti yake hupitiwa na kupitishwa na halmashauri ya wilaya, na watumishi wake ni wa mkurugenzi wa wilaya.

Hapa ndipo penye tatizo la miji kama Katoro, na ajabu ni kwamba halitajwi mara nyingi hata na wanaodai halmashauri. Mji unaokua hupoteza chombo cha kijiji siku moja, lakini chombo cha mji huja baada ya miaka mingi, au kisije. Katika pengo hilo ndipo viwanja huuzwa, nyumba hujengwa, njia huzibwa, na eneo lililokuwa la soko huishia kuwa la mtu.

Mwenye kujua ukweli huo kuliko wote ni mwenyekiti wa kitongoji. Ndiye anayeitwa usiku mume na mke wakipigana, ndiye anayeandika barua ya utambulisho ya kwenda benki, na ndiye shahidi wa karibu kila kiwanja kinachouzwa. Halipwi mshahara; akipata posho, ni ile ambayo halmashauri imebakiwa nayo. Ndiyo maana katika maeneo mengi ya nchi umezuka utaratibu ambao serikali imeukemea mara nyingi, wa muuzaji au mnunuzi wa kiwanja kuacha asilimia fulani ya bei ofisini. Fedha hiyo ina athari yake kwa mipango: mwenyekiti ambaye kipato chake kinatokana na mauziano hana sababu ya kusema kwamba kiwanja hiki kisiuzwe, kinapaswa kuwa barabara.

Kura nazo hazijasaidia sana. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, nafasi za wenyeviti wa vitongoji zilizoshindaniwa nchini zilikuwa zaidi ya 63,000, na CCM ikatwaa karibu zote, huku vyama vya upinzani vikilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Mwaka 2019 upinzani mkubwa ulijitoa kabisa. Mwananchi asiyeridhika na mwenyekiti wake kuhusu njia iliyozibwa hana namna nyepesi ya kumwajibisha sanduku la kura likifika.

Basi hupanda ngazi. Lakini ngazi ya Katoro ina urefu wake. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliagiza halmashauri za wilaya zilizokuwa zimejibanza kwenye miji isiyo yao zihamie katika maeneo zinayoyahudumia. Halmashauri ya Wilaya ya Geita ikahama Geita mjini kwenda Nzera, upande wa Ziwa Victoria. Agizo lilikuwa na mantiki yake, maana mkurugenzi anapaswa kukaa kati ya watu wake. Ila kwa mkazi wa Katoro, lami inamfikisha Geita mjini kwanza, karibu kilomita 40, ndipo ashike njia ya Nzera kutafuta afisa ardhi au kibali cha ujenzi. Njiani anapita kwenye ofisi za halmashauri ya Geita mjini, ambazo zina kila anachokihitaji lakini hazimhusu.

Wapo watakaosema tatizo ni umbali tu, na simu za kisasa zitalimaliza. Historia ya nchi hii inasema vingine.

Mwaka 1972, chini ya sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, ambayo serikali iliiandaa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, halmashauri za wilaya zilifutwa, na za miji zikafuata. Kwa jina, madaraka yalikuwa yanapelekwa kwa wananchi. Kwa matendo, yalipelekwa kwa maofisa wa serikali kuu waliohamishiwa mikoani. Miji ikabaki bila madiwani na bila mtu wa kuulizwa kwa nini gari la taka halijapita. Mitaro iliziba, barabara za ndani zikaoza, na kipindupindu kikapiga katika miaka hiyo hiyo. Bunge likalazimika kupitisha sheria ya mpito mwaka 1978 kurudisha halmashauri za miji, kabla hata ya zile za wilaya. Sheria kamili zilikuja mwaka 1982 na mfumo mzima ukaanza upya mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa, pamoja na kuvunja vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza tena.

Somo la miaka ile lilikuwa wazi mno hata likaingizwa kwenye Katiba. Ibara ya 145 inataka vyombo vya serikali za mitaa viwepo katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji. Mji umetajwa kwa jina lake, sawa na kijiji. Mwanasheria anaweza kujibu kwamba mamlaka ya mji mdogo nayo ni chombo, kwa hiyo Katiba imetimizwa. Ni jibu sahihi kwa herufi, na ni vigumu kulieleza kwa mtu ambaye maji ya mvua yanaingia sebuleni kwake kwa sababu jirani amejenga juu ya mkondo.

Je, majirani wenyewe wanaweza kupanga mtaa wao bila kusubiri? Dar es Salaam imeshajaribu, na matokeo yake yanafaa kuangaliwa kwa makini.

Hanna Nassif, Kinondoni, ni bonde ambalo miaka ya 1990 lilikuwa likifurika kila masika. Wakazi waliunda chama chao, wakachimba na kujenga mitaro kwa nguvu kazi yao wenyewe huku wakilipwa sehemu ya ujira, wakisaidiwa kitaalamu na Shirika la Kazi Duniani na wengine. Wakaweka hata kizuizi cha kutoza magari ili kupata fedha za matengenezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wa Ubungo Darajani walikwenda mbali zaidi: pamoja na wataalamu wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, walikaa na kuchora ramani ya makazi yao. Walibishana nani asogeze uzio na nani atoe kipande cha ua ili njia ipatikane. Mabishano hayo hayawezi kufanywa na ofisa aliye mbali, kwa kuwa anayejua nani alimpa nani ardhi mwaka gani ni jirani.

Tabata ilianza na ugomvi. Mwaka 1988 wakazi wake walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukiza moshi na harufu, wakashinda. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991 na wakashinda pia, mahakama ikiunganisha hewa chafu na haki ya kuishi iliyo kwenye Katiba. Wakazi wa Tabata baadaye walianzisha mfuko wao wa maendeleo wa kushughulikia barabara na huduma nyingine.

Mifano hii hutajwa sana kwenye semina kuthibitisha kwamba wananchi wakishirikishwa wanaweza. Ni kweli, wanaweza. Lakini kuna kitu semina hizo hukiruka. Katika kila mfano huo kulikuwa na halmashauri ya mji upande wa pili wa meza. Hanna Nassif ilikuwa na Jiji la kupokea mitaro na kuiunganisha na mifereji mikubwa. Ubungo Darajani ilikuwa na mamlaka ya kugonga muhuri kwenye mchoro. Tabata ilikuwa na mtu wa kumshitaki, tena aliye karibu. Juhudi za majirani zilifika mbali kwa sababu zilikutana na ofisi yenye jukumu la mji na isiyokuwa na jukumu lingine.

Kwenye mji mdogo, majirani wakimaliza mchoro wao wanaupeleka kwenye halmashauri ambayo siku hiyo hiyo ina ajenda ya zahanati za vijijini, upungufu wa walimu na mbolea ya ruzuku. Diwani wa kata ya pembezoni hawezi kulaumiwa akipigia kura zahanati yake. Amechaguliwa kwa ajili hiyo.

Fedha za miji nazo zimefuata mlango uleule. Mradi wa TACTIC, unaojenga barabara, mitaro, masoko na stendi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unahusu miji 45. Geita mjini imo, tena katika kundi la kwanza la miji 12. Katoro haikuwa na halmashauri yake ya kuomba kwa jina lake. Mikopo ya serikali ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi, maarufu kama KKK, nayo ilipitia halmashauri. Wilaya ikiamua kuitumia kupima viwanja mahali pengine ambako vitauzika haraka, mji mdogo hauna pa kukata rufaa.

Urasimishaji wa makazi holela ulionekana kama njia ya mkato. Wakazi wanachangia, kampuni binafsi inapima, serikali inatoa hati. Serikali iliweka kikomo cha mchango kuwa Sh150,000 kwa kiwanja, na katika baadhi ya maeneo kazi ilikamilika vizuri. Kwingine wananchi walilipa, kampuni ikapima nusu au isipime kabisa, na Wizara ya Ardhi ikajikuta ikizifuatilia kampuni hizo moja moja. Hata pale ilipofanikiwa, urasimishaji hupima kilichokwisha kujengwa. Hautengi uwanja wa shule palipojaa nyumba, wala haupati eneo la makaburi. Unampa mtu hati ya nyumba iliyo kwenye kichochoro, na kichochoro kinabaki.

Pia isidhaniwe kwamba halmashauri ikija kesho, Katoro itakuwa na mamlaka zile ambazo halmashauri za mji zilikuwa nazo zamani. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zimekuwa mikononi mwa wakala wa serikali, TARURA. Maji yana mamlaka zake, na vijijini yako chini ya wakala mwingine, RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU. Halmashauri ya mji ya leo ni nyembamba kuliko ya mwaka 1995. Bado, ina kitu ambacho hakuna wakala anayeweza kukifanya: kuamua ramani ya mji mzima kwa pamoja, na kumuuliza mkuu wa TARURA mbele ya madiwani kwa nini barabara yake haifuati ramani hiyo.

Serikali ina sababu zake za kusita. Kila halmashauri mpya inahitaji jengo, magari, mkurugenzi, wakuu wa idara na posho za vikao. Ndiyo maana swali la kupandisha hadhi mji fulani likiulizwa bungeni, jibu limekuwa likifanana mwaka hadi mwaka: nguvu zinaelekezwa kwanza kukamilisha miundombinu ya maeneo ya utawala yaliyokwisha kuanzishwa. Wilaya nayo haina haraka, maana mji ukiondoka huondoka na ushuru wa soko, leseni na stendi. Kuiondoa Katoro kwenye mapato ya Geita vijijini ni kuziacha kata za mbali na mfuko mwepesi, na hilo ni pingamizi la haki ambalo wanaodai halmashauri hawapaswi kulipuuza.

Hata hivyo idadi ya watu haisubiri bajeti. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,739,530 katika Mkoa wa Geita; ya 2022 ikahesabu 2,977,608. Ongezeko hilo ni la asilimia 5.4 kwa mwaka, dhidi ya asilimia 3.2 kwa nchi nzima. Watu hao zaidi ya milioni moja walijenga mahali fulani, na wengi hawakujenga kwenye viwanja vilivyopimwa.

Kwa hiyo mjadala wa kama Katoro iwe halmashauri mwaka huu au baada ya miaka mitano unaweza kuendelea, lakini yapo mambo matatu yasiyohitaji jengo jipya wala mkurugenzi mpya. La kwanza, Ofisi ya Rais TAMISEMI inaweza kuweka sharti kwamba sehemu ya mapato yanayokusanywa ndani ya mji mdogo ibaki huko na itumiwe na baraza lake kupanga na kupima, hata kabla ya hadhi kupanda. La pili, kijiji kisifutwe mpaka mpango wa mji utakaokirithi uwe umechorwa na kujadiliwa na wale wanaopoteza mkutano wao mkuu. La tatu linazihusu Geita na Chato pamoja: Katoro na Buseresere zipangwe kwa mchoro mmoja, kwa sababu mtaro ukijengwa upande mmoja maji yake yataishia kwa jirani wa wilaya nyingine.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 tayari inataka wadau washirikishwe na rasimu ya mpango itangazwe ili wenye pingamizi waseme mapema. Mkazi wa mji mdogo anayesoma makala haya ana haki ya kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji chake wiki ijayo na kuuliza swali moja: mchoro wa mji wetu uko ofisi gani, na lini utabandikwa tuuone? Jibu likiwa haupo, aombe liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kisha alipeleke kwa mbunge wake mpya.